Kibaraza cha Mama Odom

Toledo, Ohio
9 Septemba 2018

Mdogo wangu Clete,

Habari za huko ndani? Sisi huku tunapumua, na siku hizi kupumua si jambo dogo. Magoti yangu yananisumbua nikipanda ngazi kazini, lakini wazee ninaowahudumia wanasumbuliwa zaidi, basi nanyamaza. Mchungaji anakusalimu. Juzi alikutaja katika maombi kwa jina kamili, Cletus Maddox, na kanisa zima likageuka kunitazama mimi.

Mzee Pettway amehama, amechukuliwa na binti yake Detroit. Nililia kama tumezika. Unamkumbuka alivyokuwa akikaa dirishani, akiona mtoto anafanya upuuzi anagonga kioo kwa pete yake, kwa-kwa-kwa, mpaka mtoto anakimbia? Sasa dirisha lake limepigwa mbao. Upande ule nyumba tatu mfululizo zina mbao. Mtaa umekuwa kama mdomo wa kibogoyo.

Mama Odom wa ng'ambo ya barabara alifariki Mei, na nyumba kairithi mjukuu wake Terrell, yule wanayemwita Karanga. Watoto wa shule wakishuka tu kwenye basi wanajaa kwenye kibaraza chake. Mimi natoka kazini saa mbili usiku, kwa hiyo yote haya nayaona siku zangu za mapumziko tu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema, binti yako ana masikio ya paka. Wiki iliyopita Renita kaja na viatu vipya vyeupe. Nikamuuliza, "Nani kakupa?" Akaniambia, "Shangazi, ni viatu tu, si bunduki." Clete, ana miaka kumi na minne.

Na huyo Karanga aliniona nikitoa takataka, akapaza sauti kutoka barazani: "Bi Verdell! Msalimie Clete! Mwambie mambo yako shwari!"

Mambo gani yako shwari? Na anakujulia wapi?

Dada yako,
Verdell

*

27 Septemba 2018

Dada Verdell,

Salamu nyingi kutoka kwenye hoteli hii isiyo na mlango wa kutokea. Mimi mzima. Wamenipa kazi ya kunyoa nywele, na sasa kila mwenye upara anaapa ni mimi niliyemharibu. Chakula ni maharage, na kesho yake ni maharage yaliyofikiri zaidi. Magoti yako yakande kwa maji ya moto yenye chumvi, kama alivyokuwa akifanya mama.

Kikao changu cha kuachiliwa mapema kimepangwa Januari. Niombee.

Huyo Karanga simfahamu sana. Alikuwa mtoto tu nilipokamatwa. Viatu visikutishe, vijana wanapeana vitu. Ila nakusihi, usivuke barabara kwenda kugombana naye. Usimkaripie mbele ya watu. Ukikutana naye msalimie, pita. Renita akikaa pale mbele barazani na wenzake, mwache. Lakini asiingie ndani. Na zaidi ya yote asifike kile chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma.

Hizi barua zinafunguliwa kabla hazijatoka, unajua. Basi naishia hapo.

Mwambie binti yangu nampenda, asome.

Clete

*

21 Oktoba 2018

Mdogo wangu,

Natumai hujambo. Kuna baridi ya ghafla, na majani ya mti wa mbele yameanguka yote kwa siku mbili.

Jumanne Renita ametimiza miaka kumi na mitano. Nilichukua ruhusa, nikakaanga samaki wa ziwani anaowapenda, nikaoka keki. Akala vipande viwili vya samaki, simu ikalia, akanyanyuka. "Nakuja sasa hivi, Shangazi." Keki niliikata peke yangu kesho yake, nikaipeleka kazini kwa wazee.

Shule wameniita. Siku kumi na moja hajafika, na kila siku ameondoka hapa na begi mgongoni. Nimemwomba msimamizi wangu anibadilishie zamu niwe nyumbani mchana, akasema labda baada ya mwaka mpya. Nilimwendea binti wa nyumba ya jirani, yule mwenye mapacha. Nikamwambia, wewe unashinda hapa, unaona Renita anafanya nini akitoka shule? Akaufunga mlango nusu, akanong'ona: "Bi Verdell, mimi sijaona kitu. Na wewe pia hujaona." Halafu akafunga na komeo.

Zamani mtu akimwona mtoto wako anaharibika alikushika mkono barabarani akakwambia. Sasa kila pazia limeshuka. Na mimi pia, Clete, nakiri, nimeshusha langu. Yale magari yanayosimama nusu dakika na kuondoka siyatazami tena.

Sasa nikuulize. Mama Odom nilimfahamu miaka ishirini. Mlango wa chuma uliwekwa chumba cha nyuma mwaka ule ulipokamatwa. Mwenyewe alilalamika kwangu kwamba mjukuu wake kaleta fundi bila kumwomba. Mtu usiyemfahamu sana, mlango wake umeujuaje?

Nijibu haraka.

Verdell

*

2 Desemba 2018

Mdogo wangu Clete,

Wiki sita bila hata mstari. Nilipiga simu wakaniambia u mzima, basi nimeshukuru.

Sisi hatujambo. Sikukuu ya Shukrani tulikula bata mzinga mdogo, sukuma na mkate wa mahindi. Renita alikuwa na mafua makali mwezi uliopita, akalazwa siku mbili, sasa amepona. Yuko nyumbani, anakula, ananisaidia kuosha vyombo.

Usiwe na mawazo. Fikiria kikao chako tu. Nenda na shati safi, jibu kwa adabu, usibishane na mtu.

Sina zaidi.

Verdell

*

14 Desemba 2018

Dada,

Sijui nianze na salamu zipi. Natumai magoti yako yanakubeba.

Jana ameletwa kijana mpya kutoka Toledo. Kakaa kwenye kiti changu nimnyoe. Akaniuliza, wewe si ndiye Clete Maddox? Nikamwambia ndimi. Akasema, "Pole kwa binti yako, kaka. Nilisikia alikufa akarudi."

Mashine ilinidondoka. Nimemwacha na kichwa nusu.

Mafua gani hayo, dada? Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kimenifikia mdomoni kwa mtu nisiyemjua, amevaa taulo shingoni. Niambie kila kitu. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usinifiche hata neno moja. Silali.

Clete

*

28 Desemba 2018

Clete,

Sote tuko hai. Hiyo ndiyo salamu yangu.

Nilikuficha kwa sababu ya Januari. Niliogopa ungefanya jambo huko ndani wakakufungia milele. Sasa sikiliza.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi Novemba. Mzee mmoja wa zamu yangu alifariki asubuhi, wakaturuhusu mapema. Nikafika nyumbani saa nane mchana badala ya saa mbili usiku. Saa sita kabla ya kawaida yangu, Clete.

Maji yalikuwa yanatiririka bafuni. Nikaita, kimya. Nikasukuma mlango, ukagota kwenye mguu wake. Alikuwa amelala ubavu, midomo ya bluu kama ya mtoto aliyekaa sana mtoni, na kifua hakipandi. Nimeona wafu wengi kazini kwangu. Nilijua ninachokitazama. Nikamlaza chali nikampulizia pumzi zangu mdomoni, namhesabia, napuliza tena, simu iko sakafuni nimeiweka sauti ya juu naipigia kelele anwani. Watu wa gari la wagonjwa wakampulizia dawa puani. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili akavuta pumzi moja yenye mlio, nikadhani ni mimi ninayelia.

Hospitali ndipo aliponiambia. Alikuwa na maumivu yake ya mwezi. Karanga akampa kidonge kidogo cha bluu. "Akaniambia, hivi ndivyo wanavyopewa wazee kazini kwa shangazi yako. Dawa ya hospitali kabisa, Shangazi." Haikuwa ya hospitali. Daktari alisema ni sumu iliyopakwa rangi, hata aliyekitengeneza hajui kimebeba nini.

Na si hilo tu. Tangu Agosti amekuwa akibeba vifurushi kwenye begi la shule kutoka kile chumba cha nyuma hadi kituo cha basi. Wamechagua wasichana kwa sababu hawapekuliwi. Nikamuuliza, hukuogopa? Akasema, "Niliogopa, Shangazi. Ila pale barazani wote walinijua jina. Shuleni hakuna anayenijua, na wewe unarudi umechoka."

Hilo la mwisho nimelimeza kama mfupa.

Siku ya tatu Karanga kaja mlangoni kwangu, na maua. Maua, Clete! Kavua kofia. Nikamwambia, "Ondoka kabla sijaita polisi." Akanitazama kwa huruma hasa, si dhihaka, akasema: "Bi Verdell, mimi namwangalia huyu mtoto kwa heshima tu. Clete mwenyewe aliniomba nimwangalie."

Nilifunga mlango, nikaketi sakafuni na koti langu mwilini.

Sijaenda polisi. Magari yao yanapita mtaa huu yamefunga vioo, na nikionekana nazungumza nao, nyumba hii ina madirisha saba. Renita halali bila taa. Nami nalala kwenye kiti, nimeegemea mlango.

Nijibu neno moja. Ni kweli?

Verdell

*

6 Januari 2019

Dada yangu Verdell,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Mwambie Renita nimesoma barua yako mara tisa.

Ni kweli.

Karanga alikuwa na miaka kumi na mitatu nilipompa viatu vya kwanza. Baba yake hayupo, bibi yake mzee, na mimi nilikuwa mtu mkubwa wa mtaa mwenye gari jeusi. Alikaa pale pale barazani. Nilimfundisha kila kitu, na kubeba kwa begi la shule nilimfundisha mimi. Hilo la wasichana kutopekuliwa nililisema mimi siku moja tukicheka, nikila mkate wa Mama Odom jikoni kwake. Mlango wa chuma niliulipia mimi. Ulipodhani nafanya kazi ya rangi za magari, nilikuwa nafanya hayo, hatua arobaini kutoka mlangoni kwako.

Mwezi wa Julai Karanga alikuja kunitembelea. Nilikuwa nimeota Renita anapotea, nikamwambia, "Niangalizie binti yangu." Nilimaanisha asiguswe. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha mtu wa pale anaangaliwa vipi: unampa viatu, unajua jina lake, unampa kazi, akiumwa unampa dawa. Amefanya alivyofundishwa. Ulipouliza kuhusu mlango nikanyamaza wiki sita, kwa sababu nilikitaka kikao cha Januari kuliko kukujibu. Ningejibu Oktoba, Novemba isingefika.

Sasa fanya nisemavyo. Ukipata barua hii, siku hiyo hiyo chukua nguo na karatasi za Renita, mwondoke. Mwende kwa mtu wa kazini kwako, si wa kanisani, kanisa lote linajulikana. Usiage.

Maana najua kuna mtu atakayeifungua barua hii kabla yako. Na aisome vizuri. Bwana uliyeishika karatasi hii: nyumba ni ya Terrell Odom, ng'ambo ya nyumba ya dada yangu. Mzigo unaingia kwa uchochoro wa nyuma, Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Ukuta wa kushoto wa chumba cha nyuma ni wa mbao, una uwazi ndani yake. Niite wakati wowote, nitasema zaidi, na langu pia nitalisema. Ila mngoje dada yangu atoke kwanza. Hilo tu naomba.

Naogopa, Verdell. Humu ndani mtu aliyesema hana rafiki. Lakini hofu hii naijua ni ya nini. Ile nyingine ilikuwa inanila bila jina.

Clete

*

17 Februari 2019

Mdogo wangu,

Tuko salama. Magoti yamevimba kwa ngazi. Tumekuwa ghorofani kwa mwenzangu wa kazini, chumba kimoja, kitanda kimoja.

Barua yako ilifika imechelewa siku kumi na moja. Mtu alikuja nayo mkononi: mama wa makamo, koti la kawaida, akajiita mpelelezi, akanipa akasema, "Soma, Bi Maddox. Nina gari nje. Una dakika ishirini." Nikasoma nimesimama. Sikupata nafasi ya kukuchukia, nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha Renita.

Renita akagoma. Akasema, "Wakijua ni baba kasema, wataniua." Nikamwambia ndiyo maana tunaondoka. Akasema, "Basi nyumba yetu?" Nikamjibu ni kuta tu, mama, vaa koti. Tulipita nyuma kwenye theluji, mimi na mifuko miwili ya takataka iliyojaa nguo.

Alhamisi yake wakavunja mlango ule. Karanga amekamatwa na wengine wanne. Siku mbili baadaye mtu aliingia nyumbani kwetu, hakuiba kitu. Kakata magodoro yote mawili kwa kisu, kutoka kichwani hadi miguuni. Polisi wamenionyesha picha. Renita sijamwonyesha.

Mpaka leo nikisikia gari linapunguza mwendo nazima taa.

Utaniuliza kwa nini sikuandika mapema. Nilikuwa nasubiri hasira ipungue. Haijapungua, lakini nimekumbuka kwamba hakuna mwingine wa kukuandikia.

Tumia anwani ya kazini kwangu.

Verdell

*

10 Machi 2019

Dada,

Nashukuru kwa barua. Nimefurahi hata kwa hasira yake.

Bodi ilinisikiliza. Nikawaambia yote, ya zamani na ya Julai. Mzee mmoja aliandika muda mrefu, kisha akasema wataniangalia tena mwakani. Sikubishana na mtu.

Wamenihamisha chumba cha peke yangu. Siku ya tatu baada ya mlango kuvunjwa kule Toledo, mtu alinimwagia maji ya moto bafuni. Bega limeungua, linapona. Kunyoa basi tena. Natoka nje saa moja kwa siku, natembea kwenye ua nikiwa na kivuli changu.

Usimwambie Renita habari ya bega.

Clete

*

19 Mei 2019

Mdogo wangu Clete,

Natumai bega limefunga. Sisi tumepata nyumba ya kupanga, upande mwingine kabisa, mtaa sitautaja. Nimepata zamu ya asubuhi. Saa tisa niko nyumbani. Hapa watu wanamwagilia majani utadhani ni mboga.

Wiki ya kwanza mama mmoja aligonga mlango. Nikachukua sufuria ndipo nikafungua. Kumbe jirani. "Samahani, sitaki kuingilia. Ila binti yako nimemwona nyuma ya uwanja wa mpira na vijana wakubwa, nikaona nikwambie." Nilimkumbatia na sufuria mkononi. Lazima alidhani nina wazimu.

Nilipomkalisha Renita, hakukana. Akacheka kidogo. "Shangazi, unadhani hapa hawana? Hapa wanavitoa kwenye kabati la dawa la mama zao. Msichana wa darasa langu anavyo kwenye kopo la peremende. Alinipa, nikamwambia sitaki, nikaenda chooni nikatapika."

Nikamwambia basi tutahama tena. Tutaenda shamba, tutaenda popote. Nilikuwa napiga kelele, Clete. Akanishika mikono yote miwili, yeye, mtoto.

"Hapana. Hapa pana nafuu. Nikisema sitaki, wananiacha. Kule sikuweza kusema sitaki, kule mimi ni binti wa Clete. Hapa hawajui mimi ni binti wa nani."

Nilijiuliza wiki mbili kama nikuandikie maneno hayo. Umenisihi nisikufiche hata neno moja. Basi hayo ndiyo.

Mwakani watakutoa, Mungu akipenda. Sijui nikuambie nini juu ya hapo.

Dada yako,
Verdell

*

2 Juni 2019

Dada yangu,

Salamu, na shukrani kwa huyo mama aliyegonga mlango. Bega limefunga. Kovu lina sura ya jani.

Ijumaa waliniita kujaza fomu ya mahali nitakapoishi nikitoka. Nimeandika Cleveland, kuna nyumba ya kanisa inayopokea wanaume kama mimi, wana chumba na kazi ya kufagia ghala. Chini yake waliuliza: ndugu wa karibu, Toledo na viunga vyake, majina na anwani.

Kalamu niliishika muda mrefu, mpaka afisa akaniuliza kama najua kusoma.

Nimeandika: Hakuna.

Clete